Vinyonga Mia Tatu na Sitini

Ukimkuta Mwalimu asubuhi kwenye njia za Kibugu, utasema amepoteza kitu katika ua wa watu. Anatembea polepole, mikono nyuma, shingo ameinyosha, na kila baada ya hatua tatu nne anasimama kuchungulia ndani ya majani. Wapita njia waliomzoea hawamuulizi. Mgeni akiuliza huambiwa, "Huyo ni Mwalimu, anahesabu," na akitaka kujua anahesabu nini, huambiwa akamuulize mwenyewe kama ana siku nzima ya kupoteza.

Nimemjua tangu nilipoingia kidato cha kwanza katika shule ya kutwa ya hapo kwetu. Sasa ni mama wa watoto wawili, naishi Majimbo mjini Embu, na kazi yangu ni afisa wa kilimo. Alinifundisha hesabu miaka minne. Sitasimulia alizaliwa wapi wala wazazi wake walikuwa nani. Hayo yatasomwa siku yake ikifika, na Mungu aicheleweshe. Ninataka tu kumweka hapa alivyo, kwa sababu aliishi miaka mingi akiamini kwamba hesabu aliyoipenda kuliko zote ilimdanganya, na kwa uongo huo vinyonga wa shule yetu wakaisha. Mimi nilijua kwamba hesabu haikumdanganya. Nilijua na nikanyamaza.

Hesabu zake zilikuwa za vitu vinavyozaa. Mtihani ulitaka pembetatu na logi, naye alitupa pembetatu na logi kwa haraka ya mtu anayemaliza uji wa moto, ili Ijumaa abaki na nusu saa ya kile alichokiita "cha kwangu". Cha kwake kilikuwa sungura, samaki, fuko wanaotafuna mizizi ya viazi vitamu, na siafu. Alitaka kujua walikuwa wangapi jana, watakuwa wangapi mwakani, na ni kitu gani kitawazuia kujaa dunia nzima. Mwalimu wa bayolojia alikasirika mara nyingi kwamba anaingiliwa shambani kwake. Mwalimu alimjibu kwamba bayolojia inamjua sungura mmoja vizuri sana, lakini sungura mia hawana mwenyewe.

Wakati fulani alinunua sungura wawili akawaweka nyuma ya nyumba yake. Kwenye tangi la maji alichora kwa mkaa mstari unaoonyesha idadi yao itakavyopanda mwezi hadi mwezi. Kwanza mstari ulipanda taratibu, kisha kwa kasi, halafu ukainama kidogo na kulala. "Mstari unachoka," alituambia. "Nafasi inaisha, majani yanaisha, wanaanza kukanyagana. Kila kizazi kina mahali pake pa kuchoka." Tulikwenda pale kila mwezi kuangalia kama sungura wanafuata mstari, na kweli walifuata, mpaka mwezi wa saba.

Mwezi wa saba tulikuta sungura wachache kuliko mkaa ulivyosema. Mwalimu alizunguka banda, akachungulia chini, akatafuta tundu la mwizi. Mkewe, mama mfupi mwenye mdomo usiolala, alikuwa anaanua nguo.

"Unatafuta nini hapo?"

"Wanne hawako."

"Jumapili ulikula nini?"

"Kuku."

"Haya," alisema mama, akaendelea kukunja shati.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu aliingia darasani akaandika hesabu ile ile ubaoni, akaiongezea herufi moja mwishoni yenye alama ya kutoa. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Hii ni k. K ni wale wanaoliwa bila mwenye hesabu kujulishwa." Darasa zima lilicheka mpaka darasa la jirani likatuma mtu. Kutoka siku hiyo, kila kilichopungua pasipo sababu, chaki, viti, hata wanafunzi siku za kuchuma majani chai, tulisema kimeliwa na k ya mama.

Nilimpenda kwa hilo. Hakuificha hesabu iliyomshinda. Aliileta mbele yetu, akaionyesha palipopasuka, akaitia kiraka.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukawa tunamtangulia kuisema: "Andika unachodhani kabla ya kuandika unachojua." Ubao wake uligawanywa kwa mstari wa chaki. Upande wa kulia ni hesabu. Upande wa kushoto ni orodha ya mambo tunayoyachukulia kuwa kweli ili hesabu ifanye kazi, kila moja na namba yake. Ukimletea daftari lenye jibu sahihi lakini upande wa kushoto uko mtupu, alikupa sifuri na tabasamu. Kwa upande mwingine, mtu huyu aliyetaka kila dhana ihojiwe hakupenda kabisa kuhojiwa yeye. Ukisema "Lakini Mwalimu," masikio yalimsimama. Alikujibu vizuri, ila kesho yake, na bila kukutazama.

Kulikuwa na jambo jingine lililomfanya apende hesabu za kukadiria, na hilo ni la huku kwetu. Wazee wetu hawapendi viumbe vihesabiwe. Watoto wa mtu hawahesabiwi mbele yake, wala mbuzi zizini. Ukiwanyoshea kidole mmoja mmoja, unawaita wapungue. Mwalimu alikuwa na shemeji yake kule chini Mbeere, mfugaji wa mbuzi, aliyetaka kujua kama malisho yake yatatosha kiangazi kikirefuka.

"Una mbuzi wangapi?" Mwalimu alimuuliza.

"Wako."

"Najua wako. Wangapi?"

"Si unawaona ni wengi? Wewe mtu wa shule, unataka kunimalizia mbuzi?"

Mwalimu alirudi Kibugu bila namba, lakini kicheko kilikuwa hakijamtoka. Alituambia kwamba shemeji yake yuko sawa na yeye yuko sawa, na kwamba wazungu na wazee wetu wamewahi kukubaliana mahali pamoja bila kujua, nako ni kwenye hesabu isiyohitaji kuwahesabu viumbe wote mmoja mmoja. Unachukua wachache tu, na wachache hao wanakuambia habari za wote. "Kwa hiyo hakuna atakayesema nimemmaliza mtu," alisema. Maneno hayo nimeyakumbuka sana.

Hesabu yenyewe alitufundisha kwa maharagwe. Alileta gunia dogo darasani, akachota maharagwe thelathini, akayapaka rangi, akayarudisha na kuchanganya vizuri. Halafu akamwita msichana mmoja achote tena kwa mkono bila kutazama. Tukahesabu aliyochota, tukaona mangapi yana rangi. "Kama kati ya kila kumi na mawili uliyochota moja lina rangi," alisema, "basi yale thelathini yangu ni sehemu moja ya kumi na mbili ya gunia zima. Gunia lina mangapi?" Tulizidisha. Kisha akatulazimisha kuhesabu gunia lote, haragwe kwa haragwe, na tulipokaribia namba ile aliruka kama kijana aliyefunga goli. Alikuwa na umri wa baba zetu.

Hapo ndipo vinyonga wanapoingia.

Shule yetu ilizungukwa na ua wa kayaba, ule mti wa miba mirefu na matunda ya njano machungu, mnene kiasi kwamba kuku hapenyi. Ulikuwa mzee kuliko shule. Ndani yake waliishi vinyonga, na madume yao yana pembe tatu usoni. Nilipokuwa kidato cha tatu, wazazi walitaka ua ung'olewe ujengwe ukuta wa mawe, maana wavulana walikuwa wamejitengenezea njia za kutorokea. Mwalimu peke yake alipinga. Alisema ua ukiondoka, vinyonga wa sehemu hii wamekwisha. Wazazi waliguna. Nani aliwahi kusikia mtu akiwalilia vinyonga?

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole asiyependa ugomvi. Katika mkutano wa wazazi alimwambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa namba. Tupatie namba." Wakakubaliana hadharani. Kama vinyonga wa ua ni chini ya mia mbili, ua utabaki na wavulana watatafutiwa dawa nyingine. Kama wamezidi mia mbili, Mwalimu atanyamaza, kwa sababu kundi kubwa namna hiyo litahamia kwenye nyua za jirani na bado lisiishe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka mia mbili, na alikuwa na sababu zake, karatasi tatu za sababu.

Aliteremka Embu mjini kununua rangi ya kucha. Mama wa duka alimwonyesha ya pinki.

"Hii itampendeza madam."

"Hapana, nataka nyekundu. Inayoonekana mbali. Isiyotoka na mvua."

"Kwani madam anafanya kazi gani?"

"Si ya madam. Ni ya vinyonga."

Hadithi hiyo ilifika Kibugu kabla yake.

Tulitoka asubuhi sana, kabla jua halijachoma, wakati kinyonga bado ana baridi na hana haraka hata ile yake ndogo. Na hapo niligundua kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Mwalimu alikuwa anaogopa vinyonga. Alikata kijiti kirefu, akakiweka mbele ya mnyama mpaka apande mwenyewe, kisha akakishika kwa mkono ulionyooka kabisa, uso amegeuza pembeni, jasho linamtoka kwenye paji la uso katika baridi ya Kibugu. Hakuwahi kumgusa hata mmoja. Ndiyo sababu alihitaji mkono wa mtu mwingine, na akachagua wangu.

"Una mkono usiotetemeka," aliniambia.

Ulikuwa unatetemeka ndani. Mimi pia ni mtoto wa huku. Nilikua nikiambiwa usimguse, usimtazame machoni, akikufungulia mdomo kuna jambo. Lakini Mwalimu alikuwa amenichagua kati ya wasichana wote, nami nilikuwa radhi kugusa hata nyoka. Nilipaka tone moja jekundu mgongoni, vinyonga thelathini, asubuhi tatu. Kila aliyepakwa alirudishwa mahali pake. Tukangoja wiki mbili wachanganyike.

Nililelewa na cucu, bibi mzaa mama yangu, na nyumba yetu ilipakana na ua wa shule. Siku ya nne aliona kinyonga mwenye tone jekundu karibu na kibanda cha kuni. Aliniuliza, nami kwa majivuno nikamwambia ni kazi yangu. Hakunigombeza. Alikaa chini kwenye kigoda na kuniomba nimwonyeshe mikono. Usiku ule alianza kukohoa.

Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba na kila mzee Kibugu alikuwa anakohoa. Najua hivyo leo. Nikiwa na miaka kumi na saba nilichojua ni kwamba nimewashika vinyonga thelathini, nimewatia alama ya damu, na mtu pekee niliyekuwa naye duniani hawezi kuinuka kitandani. Siku ya tatu aliniambia kwa pumzi fupi, "Wale uliowatia alama wanakufuata wewe. Wakifika kwangu ndiyo basi." Akanipa kopo lake la ugoro.

Kwetu hivyo ndivyo wanavyouawa. Kinyonga akitishwa hufungua mdomo, nawe unamtia ugoro kwenye ulimi. Anageuka rangi zote alizo nazo, kisha anakuwa mweusi, kisha anaanguka. Nilianza kabla ya shule na kuendelea baada ya shule. Nilijua walipo, kwa kuwa niliwarudisha kwa mkono wangu. Wasio na alama sikuwagusa, hao hawakuwa na habari na mimi. Nilikuwa nalia nikifanya hivyo na sikuacha.

Niliua kumi na wanane. Siku ya nane cucu aliomba uji, nikatupa kopo chooni.

Wiki mbili zilipokwisha tukatoka tena asubuhi, Mwalimu na kijiti chake, mimi na daftari. Tulipata vinyonga ishirini na wanne. Wenye alama nyekundu walikuwa wawili tu. Mwalimu alizitazama namba zile muda mrefu. Ijumaa alichora mstari wake ubaoni. Kushoto aliandika dhana nne: hakuna anayeingia wala kutoka, hakuna anayezaliwa wala kufa, alama haifutiki, mwenye alama na asiye nayo wana bahati sawa ya kuishi na kuonekana. Kulia akaandika thelathini mara ishirini na nne, gawanya kwa mbili.

"Mia tatu na sitini," alisema, na sauti yake haikuwa ya furaha. Alikuwa ametarajia wachache. Lakini alikuwa mtu wa neno lake. "Niliwaambia wazazi mkutanoni nitakubali namba. Nimekubali."

Aligeuka akauliza kama kuna mwenye swali juu ya dhana. Alikuwa anauliza kila mara, na mara hiyo aliniangalia mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa naye kwenye ua. Ningeweza kunyoosha mkono. Namba nne ilikuwa pale ubaoni, imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, nami ndiye mtu pekee darasani niliyejua kwamba ni uongo. Niliangalia dawati.

Ua uling'olewa likizo ya mwezi wa Agosti. Ukuta ulijengwa, na wavulana wakajifunza kuruka ukuta. Mwaka uliofuata Mwalimu alizunguka nyua zote za jirani asubuhi baada ya asubuhi akiwatafuta wale mia tatu na sitini waliohama. Alipata sita. Mwaka wa pili, mmoja. Kisha hapakuwa na yeyote, na bado aliendelea kutoka kila asubuhi na mikono nyuma.

Hakufundisha tena hesabu ile. Waliokuja nyuma yetu walipata sungura na samaki, lakini gunia la maharagwe walisikia habari zake tu. Mtu akimuuliza alisema, "Hiyo ilinidanganya," na kugeukia ubao. Alizirudia karatasi zake tatu mara nyingi akitafuta alipokosea. Mkewe aliniambia, miaka mingi baadaye tulipokutana sokoni, kwamba chupa ya rangi bado iko kwenye kabati la vikombe, imekauka, na haruhusiwi kuitupa. "Nimeolewa na mtu mwenye rangi ya kucha, na mimi sina," alisema, lakini hakucheka sana.

Na mimi? Mimi nikaenda kusomea kilimo, nikawa mtu wa kuhesabu viwavi kwenye mahindi. Naingia shamba la mtu kule Kanja, natembea kwa kupindapinda kutoka kona hadi kona, nasimama mahali patano, kila mahali naangalia mimea kumi, na kwa mimea hiyo hamsini namwambia mkulima hali ya shamba zima. Kila ninapofanya hivyo nawauliza kwanza: kuna sehemu mmenyunyizia dawa? Kuna mahali mmeng'oa iliyoharibika? Kuna kitu mmefanya ambacho hamtaki kuniambia? Wananiona afisa mwenye maswali mengi. Wanasema bora nihesabu niende.

Cucu aliishi miaka mingi baada ya kikohozi kile. Tulimzika mwaka jana. Mwalimu alikuja mazishini, akasimama nyuma, na sikuweza kumtazama.

Mwezi wa saba uliopita alinipigia simu. Alisema macho yamemwingia ukungu, anangoja upasuaji, na ana barua anataka isomwe kwa sauti kabla hajaituma. "Mke wangu anasoma kama anamfukuza mbwa," alisema. "Njoo wewe." Nilikwenda Jumamosi. Mvua ya rasharasha ilikuwa inaanguka kwenye majani chai na moshi umelala chini. Alikuwa amekaa barazani na blanketi magotini. Tangi la maji lilikuwa pale pale, na ukijua pa kutazama unaona bado kivuli cha mstari wa sungura.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake uliotoka nje ya mistari, imeandikiwa mwalimu mkuu wa sasa aisome mbele ya wanafunzi. Niliisoma. Alisema amesikia kwamba walimu vijana wamekuta madaftari yake ya zamani stoo na wameanza kufundisha hesabu ya alama kwa maharagwe. Aliwaomba waache. Alisema aliifundisha kwa miaka mingi, akaiamini, na kwa kuiamini alitoa ruhusa kiumbe kimalizwe. "Hesabu hii inafaa maharagwe tu," aliandika. "Kwa vilivyo hai ni ya uongo, na mimi niliyewafundisha wengi naomba radhi kwa wote. Nilikosea." Chini yake palikuwa na jina lake.

Nilimaliza. Mkewe alileta chai, akatutazama wote wawili, akarudi ndani bila neno, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Kiswahili chake kimekaa sawa?" Mwalimu aliuliza.

"Kimekaa sawa, Mwalimu. Lakini si kweli."

Masikio yalimsimama kama zamani.

"Si hesabu iliyokosea. Wale wenye alama waliuawa kabla hatujarudi. Niliwaua mimi. Cucu alikuwa mgonjwa, na aliamini, na mimi niliamini. Niliwaua na ugoro wake."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, bila hata utangulizi. Aliweka kikombe chini kwa kupapasa meza.

"Wangapi?"

"Kumi na wanane."

"Si kumi na saba? Si ishirini?"

"Nilihesabu, Mwalimu. Ni wewe uliyenifundisha."

Alifumba macho yake yenye ukungu. Niliona midomo ikicheza. Thelathini toa kumi na wanane, kumi na wawili. Kumi na wawili mara ishirini na nne. Gawanya kwa mbili.

"Mia moja arobaini na nne," alisema. "Wakati tunarudi, walikuwa wamebaki mia moja arobaini na nne." Kisha, taratibu zaidi: "Ongeza wako."

"Mia moja sitini na wawili."

"Chini ya mia mbili."

"Chini, Mwalimu."

"Ua ungekuwa umesimama."

Alikasirika, na sitadanganya kwamba hakukasirika. Mkono wake ulibana blanketi na alisema, bila kupaza sauti, kwamba nilikaa dawati la pili upande wa dirisha, kwamba aliuliza kama kuna swali, kwamba nimemwacha atembee uani kwa watu miaka yote hii kama mwendawazimu akiwatafuta vinyonga ambao hawakuwahi kuwepo. Yote yalikuwa kweli. Nililia, na hakuniambia ninyamaze. Mvua iliendelea kidogo, kisha ikakata.

"Na cucu wako akapona."

"Alipona."

"Hmm." Akatikisa kichwa, na hasira ikamshuka usoni. "Ile namba nne niliiandika mwenyewe. Mwenye alama na asiye nayo wana bahati sawa. Niliisoma kama mtu anavyosoma sala. Huku kwetu, kinyonga aliyepakwa rangi nyekundu, bahati sawa?" Alicheka, kicheko kikavu. "Shemeji yangu wa mbuzi angeniambia. Mke wangu angeniambia. Sikuuliza mtu. Na unajua kwa nini sikuuliza? Kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nawaogopa, na niliona aibu. Nikadhani ni mimi peke yangu."

"Nilijua, Mwalimu. Ulikuwa unageuza uso."

"Uliona?"

"Nilikuwa upande ule mwingine wa kijiti. Na mimi nilikuwa naogopa."

"Na mkono usiotetemeka?"

"Ulikuwa unatetemeka ndani."

Kisha akanyoosha mkono nimpe barua, akaikunja mara mbili, akaikunjua tena. Nilifikiri ataichana. Badala yake alinirudishia pamoja na kalamu kutoka mfuko wa shati, mfuko ambao tangu zamani una vipande vya chaki.

"Barua itakwenda," alisema. "Lakini futa pale panaposema hesabu ni ya uongo. Andika waendelee kuifundisha, na kabla ya kuhesabu kitu chochote chenye uhai, wawaulize kwanza wanaoishi nacho. Kisha geuza 'nilikosea', iwe 'tulikosea'. Na chini uandike jina lako, lile la shule, wakujue."

Nilifikiria wanafunzi wamepanga mistari uwanjani, mwalimu mkuu anasoma, na wazazi wao wengi wananifahamu. Wengine nawapimia viwavi. Mkono wangu ulitetemeka, nje safari hii, lakini niliandika yote aliyosema, na jina langu nikaliweka chini ya lake.

"Tayari?"

"Tayari, Mwalimu."

Aliiinua barua karibu na uso, akaigeuza kwenye mwanga, na nikajua haoni kitu.

"Hapa chini kuna majina mangapi?"

"Mawili."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu."